Hita ya Maji Ndani ya Boti: Matumizi Salama na Matunzo

Waraka huu umeandaliwa kwa ajili ya kaya zinazoishi ndani ya boti katika mifereji na mito ya Uingereza, iwe boti ni mali yenu au mmeipanga. Chumba cha boti ni chembamba, na majira ya baridi yanapoingia kila mtu hutamani kuziba upenyo wowote unaopitisha upepo. Hapo ndipo penye hatari. Hita ya gesi ya papo kwa papo, ambayo huwaka mara tu bomba linapofunguliwa, huhitaji hewa nyingi ili gesi iungue sawasawa, na hita nyingi za zamani huvuta hewa hiyo kutoka chumbani humo humo mnamoishi. Hewa ikipungua, moto hutoa kaboni monoksaidi.

Gesi hii isichanganywe na hewa ya ukaa ambayo kila mmoja wetu huitoa anapopumua. Kaboni monoksaidi haina rangi, harufu wala ladha. Huingia katika damu na kushika nafasi ya oksijeni, na aliyelala huweza kufa pasipo kuamka. Wengi wetu tunaifahamu kwa sura nyingine, kwani ni sumu ile ile ya jiko la mkaa lililoingizwa chumbani usiku. Kwa hiyo mkaa nao usiingizwe botini, hata kama yamebaki makaa machache tu.

Matundu ya hewa na dohani

Matundu ya hewa yaliyowekwa katika milango, kuta na dari ya boti hayakuwekwa kwa bahati mbaya. Msiyazibe kwa matambara, magazeti wala plastiki, hata usiku wa theluji. Anayeona baridi aongeze blanketi. Kagueni pia dohani inayotoa moshi juu ya paa: viota vya ndege, majani na turubai lililofunika boti vyote huweza kuuzuia moshi na kuurudisha ndani. Mwali wa hita uwe wa buluu na uliotulia. Ukiona mwali wa manjano, au masizi meusi kuzunguka hita, izime na usiiwashe tena mpaka fundi aikague.

Mapema alfajiri ndipo wengi huihitaji hita hii: kuna wanaooga kabla ya swala, wanaoandaa daku, na wanaotoka kwenda kazini. Watu wanne wakioga mmoja baada ya mwingine, milango ikiwa imefungwa, hita hufanya kazi kwa muda mrefu kuliko ilivyokusudiwa. Pisheni muda kati ya mtu na mtu, na mfungue dirisha. Hita ikikataa kuwaka, maji ya birika yakichanganywa na ya baridi katika ndoo, pamoja na kata, yanatosha kwa josho kamili.

King'ora cha kaboni monoksaidi ni cha lazima katika boti yenye sehemu ya kuishi. Chagueni chenye alama EN 50291-2, kwani hicho kimetengenezwa kuhimili mtikisiko na unyevu wa chombo. Bonyezeni kitufe cha kukijaribu kila wiki, na msitoe betri zake kwa sababu kinapiga kelele.

Dalili ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, uchovu na kuchanganyikiwa. Hufanana na mafua makali, ila kwa kawaida hakuna homa. Mkiumwa watu kadhaa kwa pamoja, na mkitoka nje mnapata nafuu, msidhani ni mafua. Zimeni hita, fungueni milango, tokeni wote nje. Mtu akizimia au akishindwa kupumua vizuri, pigeni 999. Kama hali si kali, pigeni 111 siku hiyo hiyo. Mna haki ya mkalimani bila malipo: tajeni tu neno Swahili.

Harufu ya gesi ni jambo tofauti. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, nayo hushuka na kutuama katika ngama, chini kabisa ya chombo, ambako kufungua dirisha peke yake hakuitoi. Fungeni mtungi, msiwashe wala kuzima swichi yoyote, shukeni ufukoni, kisha pigeni simu mkiwa mbali.

Boti zenye tangi

Boti nyingine huchemsha maji katika tangi, kwa joto la maji ya kupozea injini au kwa umeme wa gatini. Hapa hofu ni mbili. Ya kwanza ni kuungua: maji yaliyopashwa na injini huweza kupita nyuzi 80, na ngozi ya mtoto huharibika kwa sekunde chache. Ombeni fundi afunge vali ya kuchanganya maji ya moto na ya baridi kabla ya kufika bombani.

Ya pili ni bakteria wa Lejionela, ambao hustawi katika maji ya nyuzi 20 hadi 45 na husababisha homa kali ya mapafu. Hawaambukizi kwa kunywa kama kipindupindu, bali kwa kuvuta pumzi yenye matone madogo ya maji. Wazee, wavuta sigara na wenye kisukari ndio walio hatarini zaidi. Mkirudi baada ya kuiacha boti wiki kadhaa, pasheni tangi hadi nyuzi 60, ondoeni kichwa cha bomba la mvua, kisha acheni maji yatiririke taratibu dakika chache, dirisha likiwa wazi.

Tangi likipata joto, vali ya usalama huweza kudondosha maji kidogo. Msiizibe kamwe.

Fundi, cheti na majira ya baridi

Cheti cha usalama wa boti hutolewa kila baada ya miaka 4, lakini hakichukui nafasi ya matunzo ya kila mwaka. Fundi wa gesi awe katika sajili ya Gas Safe. Someni nyuma ya kitambulisho chake mhakikishe ameruhusiwa kushughulikia gesi ya mitungi katika boti. Mpangaji ana haki ya kuonyeshwa hati ya ukaguzi wa gesi isiyozidi miezi 12, na gharama ni ya mwenye boti.

Mkisafiri wakati wa baridi, toeni maji yote katika hita na mabomba, na muache bomba zikiwa wazi. Maji yakiganda hutanuka na kupasua mirija myembamba ya shaba iliyomo ndani ya hita, na ufa huo hauonekani mpaka barafu iyeyuke.