Kupoza petroli kabla ya kabureta: je, pampu inapata nguvu?

Najua wengi mnasubiri lile somo la thiripi, litakuja. Leo tuongelee pampu, kwa sababu wiki hii pampu imetaka kumtia hasara mkulima wangu mmoja wa vitunguu, na nimeona bora niandike kabla wengine hawajaingia gharama ileile.

Yeye analima ekari moja na nusu kando ya mto, huku Ruaha Mbuyuni. Joto la huku mnalijua. Vitunguu vyake vilikuwa vimeanza kujaza, ule wakati ambao ukiruka zamu ya maji kitunguu kinabaki kidogo na mnunuzi anakupangia bei anayotaka yeye. Pampu ni ya petroli, inchi 2, injini ya hp 5.5. Asubuhi inavuta vizuri. Ikifika saa sita mchana inaanza kukohoa, inapoteza nguvu, inazima. Ukiiacha nusu saa inawaka tena kama haijawahi kuumwa.

Fundi akamwambia petroli inaingia kwenye kabureta ikiwa ya moto, na petroli ya moto haina nguvu. Akamfungia bomba la kopa, lile la mafundi wa friji, limezungushwa kama springi ndani ya ndoo ya maji ya mto. Petroli inatoka kwenye tangi, inapita kwenye ndoo, ndipo inaingia kwenye kabureta. Shilingi elfu 45, na ndoo ni ya kwake mwenyewe. Nilipofika alinionyesha kwa furaha, maana siku hiyo pampu haikuzima. Akaniuliza, "Afisa, si bora na wenzangu wote wafunge?"

Nikamwambia ngoja kwanza. Pampu kutozima ni jambo moja, pampu kupata nguvu zaidi ni jambo jingine.

Tuanze na nguvu. Petroli ikipoa inasinyaa, na kwa kila digrii 1 inayoshuka, lita ileile inakuwa nzito kwa takriban asilimia 0.1. Tuseme petroli ya kwenye tangi lililopigwa jua ina digrii 40 na ndoo inaishusha hadi 27. Hizo ni digrii 13, kwa hiyo imekuwa nzito kwa asilimia 1 na kidogo tu. Tundu la jeti ni lilelile, kwa hiyo petroli ya ziada inayopita haifiki hata hiyo asilimia 1. Na hata ingekuwa nyingi, petroli haiungui peke yake. Gramu 1 ya petroli inahitaji karibu gramu 15 za hewa. Injini ndogo hizi kikomo chake ni hewa inayovutwa ndani ya silinda. Ukizidisha petroli bila hewa unapata moshi mweusi, plagi nyeusi, na dumu linaloisha mapema.

Kuna anayesema petroli baridi itaipoza hewa, hewa baridi ni nzito, kwa hiyo nguvu inapanda. Si uongo, ila ni kidogo mno. Ukimwagikiwa petroli mkononi unasikia ubaridi mkali, kwa sababu ikigeuka mvuke inanyonya joto. Kazi hiyohiyo inafanyika ndani ya kabureta bila ndoo yoyote, na joto linalonyonywa pale ni zaidi ya mara 10 ya lile lililoondolewa na ndoo. Mchango wa ndoo kwenye hewa hauzidi digrii 2. Huko Marekani wapo washindani wa mbio fupi za magari wanaopitisha petroli kwenye kopo la barafu, lakini wao wanatafuta sehemu ya sekunde kwenye robo maili. Wewe unamwagilia saa sita mfululizo.

Sasa mbona pampu haikuzima? Hapa fundi alibahatisha dawa bila kuujua ugonjwa. Petroli ni mchanganyiko, na sehemu zake nyepesi zinaweza kuanza kuchemka kwenye digrii 40 hivi. Ikichemka ndani ya mpira inatengeneza mapovu. Nyingi ya pampu hizi petroli inashuka kwa uzito wake tu, hakuna cha kuisukuma, kwa hiyo povu likikaa kwenye mpindo linaziba njia. Injini inakosa mafuta, inakohoa, inazima. Ikipoa, povu linaisha, inawaka.

Tulifungua lile bomba la kopa tukarudisha mpira wa zamani, tukasubiri mchana. Kumbe mpira wenyewe ulishabadilishwa. Ule wa awali ulikatika, akawekewa wa plastiki mweupe, mrefu, unaopanda kwanza halafu unashuka ukipita karibu na ekzosi. Saa saba mapovu tuliyaona kwa macho. Tukaweka mpira mfupi wa petroli, unaoshuka moja kwa moja, mbali na ekzosi. Shilingi elfu 3. Pampu ikaenda hadi jioni.

Kibanda nacho kilikuwa na makosa. Alikizungushia mabati pande tatu, injini ikawa inavuta hewa ya moto iliyoitoa yenyewe. Hewa ikipanda digrii 10 inakuwa nyepesi kwa asilimia 3 hivi, na hiyo ndiyo nguvu inayopotea kweli. Tuliondoa mabati ya pembeni, tukabakiza ya juu. Chujio la hewa lilikuwa limejaa vumbi, tukaliosha kwa maji ya sabuni tukalikausha. Tope lililoziba mapezi ya silinda tulilikwangua.

Kesho yake tukapima, maana alikuwa bado anaionea huruma elfu 45 yake. Lita 1 ya petroli ikipita kwenye ndoo: dakika 42. Bila ndoo: dakika 41. Dakika hiyo moja ni mkono wangu wa kumimina. Pipa la maji lilijaa kwa muda uleule.

Kabla hujamlaumu mpira, jaribu kifuniko cha tangi. Kina tundu dogo la kuingiza hewa, likiziba dalili ni zilezile kabisa. Pampu ikianza kukohoa, legeza kifuniko. Ikirudi kwenye nguvu yake, umepata jibu bure. Mwaka wangu wa kwanza kazini niliwahi kumfungulia mtu kabureta nzima, kumbe ni kifuniko.

Umekwama shambani mchana? Funga kitambaa chenye maji kwenye mpira, umalize zamu. Usimwagie maji silinda ya moto, inaweza kupasuka. Usiongeze petroli injini ikiwa ya moto. Na hiyo ndoo mimi siipendi kwa sababu nyingine pia: kila kiungo unachoongeza ni mahali pa kuvuja, na pembeni yake kuna ekzosi.

Bomba la kopa lipo nyuma ya nyumba yake, fundi amekataa kurudisha hela. Wenzake wawili walishatoa oda, wameghairi. Jumatano nitakuwa mtoni kuanzia saa mbili asubuhi, mwenye pampu inayozima mchana aje nayo nzima pamoja na tangi lake, asiniletee kabureta peke yake.