Somo la Afya: Sukari ya Haraka na Sukari ya Polepole



Jumapili moja baada ya ibada, tukiwa barazani tunakunywa chai, mama mmoja wa mtaa wetu alituuliza hivi: "Mwalimu, mimi sukari nimeiacha. Chai nainywa bila sukari, soda siigusi. Mbona nikipimwa, sukari ya damu ingali juu, na mwili nao haupungui?"

Swali hilo ndilo lililotufanya tuandike somo hili, kwa kuwa nasi tuliwahi kuuliza vivyo hivyo. Mwaka wa pili baada ya kustaafu kazi ya chuo cha ualimu, tulikwenda zahanati kupimwa presha, na mganga akatupima na sukari. Asubuhi kabla ya kula ilikuwa 6.5. Mganga alieleza kwamba ikifika 7 na kuendelea, tena ikithibitishwa kwa kupimwa mara ya pili, huo ni ugonjwa wa kisukari. Sisi tulikuwa tumesimama mlangoni. Uzito wetu ulikuwa kilo 84.

Tuliacha sukari ya chai, tukajiona mashujaa. Lakini mchana tuliendelea na mlima wetu wa ugali wa sembe, na jioni wali sahani tele. Baada ya miezi mitatu tulipimwa tena: 6.6. Ndipo tulipotambua kwamba hata mwalimu hana budi kurudi darasani.

1. Tuliyofundishwa na tusiyofundishwa

Wenye umri wetu wanakumbuka kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973 na ile ya "Chakula ni Uhai" ya mwaka 1975, watu walipokusanyika kuzunguka redio ili kujifunza. Shuleni nako tulikariri makundi matatu: vyakula vya kutia nguvu, vyakula vya kujenga mwili, na vyakula vya kulinda mwili. Mafunzo yale yalikuwa mema, maana adui wa wakati ule alikuwa utapiamlo wa watoto.

Jambo ambalo hatukulitilia maanani ni hili: vyakula vile vya kutia nguvu, yaani ugali, wali, muhogo, viazi na mkate, vina wanga mwingi. Nao wanga ukishameng'enywa tumboni hugeuka glukosi, ambayo ndiyo sukari inayopimwa katika damu. Kwa hiyo yule mama hakuiacha sukari. Aliiacha ile inayoonekana kwenye kijiko, akaendelea na ile isiyoonekana sahanini.

Hatusemi wanga ni sumu. Mwili wahitaji nguvu, na mkulima aliyeshika jembe tangu alfajiri huitumia sukari hiyo yote. Lakini wengi wetu sasa tumekaa vitini, na sahani imebaki ile ile ya mkulima.

2. Sauti ya mwalimu darasani

Sukari inapoingia katika damu, kiungo kiitwacho kongosho hutoa insulini. Kazi ya insulini ni kuziamuru chembe za mwili, hasa za misuli, ziipokee sukari. Iliwahi kupatikana kutoka kongosho za wanyama huko Toronto, Kanada, mwaka 1921, na tangu mwaka 1922 imeokoa maisha ya wagonjwa wasiohesabika.

Sasa mfikirie mwalimu darasani. Akisema kwa sauti ya kawaida na wanafunzi wakasikia, kazi inakwenda. Darasa likizoea kelele, hawamsikii tena. Naye hupaza sauti. Kesho hupaza zaidi. Kwa muda mambo huonekana kuwa sawa, kwa sababu kazi inafanyika, ila mwalimu anachoka. Siku moja sauti inakauka, na darasa linavurugika.

Ndivyo ulivyo usugu wa insulini. Mafuta yanapojaa tumboni, katika ini na katika misuli, chembe za mwili haziisikii insulini vizuri. Kongosho hutoa insulini nyingi zaidi, na sukari huonekana karibu na kawaida kwa miaka mingi. Kongosho lisipoweza tena kutoa ya kutosha, sukari hupanda, na hicho ndicho kisukari cha aina ya pili. Wengine wamerithi udhaifu huo kwa wazazi. Kukaa bila kazi ya mwili na kukosa usingizi huuzidisha.

Basi, kama darasa limekuwa gumu kusikia, tusimletee mwalimu wanafunzi mia kwa mkupuo. Tuwaingize wachache wachache.

3. Mtihani ambao alama chache ndizo za kufaulu

Mwaka 1981 Daktari David Jenkins na wenzake wa Chuo Kikuu cha Toronto walitangaza kipimo kiitwacho glaisemiki indeksi. Sisi tutakiita kipimo cha kasi. Mtu hula chakula chenye wanga wa gramu 50, kisha damu yake hupimwa kwa saa mbili ionekane sukari imepanda kiasi gani. Matokeo hulinganishwa na ya glukosi yenyewe, iliyopewa alama 100. Katika mtihani huu anayepata alama chache ndiye aliyefaulu. Alama 55 kushuka chini ni kasi ndogo. 56 hadi 69 ni ya kati. 70 na kuendelea ni kubwa.

Tazameni mifano hii. Alama ni za wastani, nazo hubadilika kwa aina ya chakula na mapishi:

Maharage 24, dengu 28, maziwa 39, chungwa 43, tambi 49, ndizi mbivu 51, embe 51, viazi vitamu vya kuchemsha 63, wali mweupe 73, mkate mweupe 75, viazi mviringo vya kuchemsha 78.

Mtaona kwamba jamii ya kunde imeshika nafasi ya kwanza. Sababu ni kwamba wanga wake umefungwa ndani ya nyuzinyuzi na protini, na tumbo huchukua muda kuufungua. Chakula kilichosagwa laini kimekwisha kufanyiwa kazi hiyo na mashine, kwa hiyo sukari yake hutoka upesi. Ndiyo maana punje nzima ni bora kuliko unga, na chungwa la kutafuna ni bora kuliko juisi yake.

Hapa wazee wetu wa Upare na Usambara walituachia hazina. Makande ni mahindi ya punje pamoja na maharage, chakula cha polepole kwelikweli. Tuliyaacha tukidhani ni chakula cha kimaskini, tukakimbilia mkate mweupe.

4. Mitego minne

Mtego wa kwanza ni rangi. Wengi huambiwa wale dona, mtama au ulezi, nao hula mlima ule ule kama dawa. Dona ni bora kuliko sembe kwa kuwa lina makapi na kiini, lakini unga laini bado ni unga laini. Mkate wa ngano isiyokobolewa ulipopimwa ulipata 74, na ule mweupe 75. Uji wa ulezi na mtama nao si wa polepole kama watu wanavyodhani. Badilisheni unga, ndiyo, lakini mpunguze na kipande.

Mtego wa pili ni asali. Watu husema asali haina neno kwa kuwa ni ya asili. Alama yake ni kama 61, na ya sukari ya kawaida ni kama 65. Hao ni ndugu.

Mtego wa tatu ni kudhani kwamba alama ndogo ni ruhusa. Chipsi zina alama ndogo kuliko viazi vya kuchemsha, kwa sababu mafuta huchelewesha chakula tumboni. Je, tule chipsi ili tupungue? La hasha! Mafuta yale yanaongeza uzito, na uzito wa tumbo ndio unaoziba masikio ya darasa letu.

Mtego wa nne ni kusahau wingi. Tikiti maji lina alama ya juu, lakini kipande kimoja kina maji mengi na sukari kidogo, hivyo hakidhuru sana. Chakula cha kasi ya kati kikilundikwa mpaka sahani ifurike, hudhuru zaidi. Kasi na wingi hupimwa pamoja.

5. Namna ya kupanga sahani

Hatuhitaji vyakula vya madukani vyenye bei ya kutisha. Chukueni sahani ya kawaida, muigawe hivi:

(a) Nusu ya sahani iwe mboga: mchicha, kisamvu, matembele, bamia, mchunga, kabichi. Mafuta yawe kidogo.

(b) Robo iwe maharage, kunde, choroko, mbaazi, dagaa, samaki, mayai au kuku. Nyama si lazima kila siku.

(c) Robo iliyobaki iwe ugali, wali, ndizi au muhogo. Kwetu sisi ni kipande cha ugali kisichozidi ngumi.

Anzeni na mboga na maharage, ugali uje baadaye. Sukari haitapanda kwa ghafula. Mkimaliza, msikimbilie kitanda. Tembeeni robo saa, hata kama ni kuzunguka shamba, maana misuli inayofanya kazi huvuta sukari kutoka damu bila kungoja sauti kubwa ya insulini.

6. Je, uzito hupungua?

Hupungua, lakini si kwa miujiza. Chakula cha polepole hukaa na mtu. Saa nne hatafuti andazi. Akila kidogo kuliko anachotumia, mwili hula akiba yake. Akila maharage kupita kiasi pamoja na mlima wa wali, hatapungua hata gramu moja.

Mwaka 2002 yalitangazwa Marekani matokeo ya uchunguzi wa watu 3,234 waliokuwa mlangoni mwa kisukari. Kundi moja lilielekezwa kupunguza asilimia 7 ya uzito kwa kula mafuta kidogo na chakula kidogo, na kufanya mazoezi kama ya kutembea dakika 150 kwa juma. Watu wa kundi hilo waliougua kisukari walikuwa pungufu kwa asilimia 58 kuliko wale waliopewa vidonge visivyo na dawa. Waliopewa vidonge vya metformini walipata nafuu ya asilimia 31. Hao hawakuhesabu alama za kasi. Kwa hiyo kipimo cha kasi ni msaidizi mwema wa kuchagua chakula, lakini kupunguza uzito na kuutumikisha mwili ndiyo kazi yenyewe.

Kwa sisi wa kilo 84, asilimia 7 ni karibu kilo 6. Ilituchukua miezi kumi na mmoja kufika kilo 78. Sukari ya asubuhi sasa ni 5.7. Hatukupona ugonjwa, tumerudi hatua chache kutoka mlangoni.

7. Tahadhari

Tuna sababu ya kusema haya kwa uchungu. Rafiki yetu, tuliyefundisha naye kwa miaka mingi, aliambiwa na mtu mmoja kwamba mizizi fulani pamoja na kuacha ugali vitamwondolea kisukari. Akatupa vidonge. Alipata kidonda kidogo mguuni ambacho hakukisikia. Mguu ulikatwa, na mwaka uliofuata tulimzika. Chakula ni rafiki wa dawa. Hakijaajiriwa mahali pake. Mtu asiache dawa mpaka daktari aseme.

Anayetumia insulini, au vidonge vya kushusha sukari kama glibenklamaidi, amwone daktari kabla ya kupunguza wanga au kufunga wakati wa Kwaresima, maana sukari inaweza kushuka mno. Akitetemeka, akitoka jasho, akiona njaa kali au kizunguzungu, apewe upesi vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari katika maji, ikiwa anaweza kumeza. Saa hiyo sukari ya haraka ndiyo tunayoitaka. Akizimia asinyweshwe kitu, akimbizwe hospitali.

Mwenye ugonjwa wa figo aulize kwanza kuhusu maharage. Mama mjamzito na mtoto wasipunguzwe chakula kwa somo hili.

8. Barazani kwetu

Yule mama alipunguza ugali, akarudia makande ya bibi yake. Alituambia kilichomshinda si njaa bali ni aibu: kila nyumba aendayo, mwenyeji humpakulia sahani tele, naye huogopa kuonekana anadharau. Hapo tulinyamaza, kwa maana nasi tumewapakulia wageni hivyo hivyo kwa upendo.

Basi tuanze na meza yetu ya Jumapili. Tumewaomba wazee wa kanisa chai iletwe bila kutiwa sukari, anayetaka ajitilie. Kando ya maandazi ziwekwe karanga za kuchemsha na machungwa. Na mgeni akisema "inatosha", tumwamini.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Jana mchana, sehemu gani ya sahani yako ilikuwa mboga?

2. Ni chakula gani cha wazee wako cha punje nzima au cha jamii ya kunde ambacho watoto wako hawakijui?

3. Nani nyumbani mwako ana zaidi ya miaka arobaini na hajapimwa sukari? Mtamsindikiza lini zahanati?