Je, ni umri tu au ni maradhi?

Kuna siku ambayo kila mkazi wa mjini huikumbuka. Ni siku ile makanga wa matatu, kijana aliyezoea kukuita "siste" au "kaka", anapomwambia dereva: "Ngoja kidogo, kuna mzee anapanda!" Unageuka kumtazama huyo mzee ni nani. Nyuma yako hakuna mtu.

Usimkasirikie kijana huyo. Katika sensa ya mwaka 2019, takriban robo tatu ya Wakenya walikuwa na umri wa chini ya miaka 35. Katika nchi iliyojaa vijana namna hii, mtu wa miaka 45 mwenye mvi mbili tatu huwa mzee kabla hajajijua.

Mambo haya yanachekesha, na ni vizuri kuyacheka. Lakini ndani ya kicheko hicho kuna mtego, nao ni yale maneno matatu tuyapendayo sana: "Ni umri tu."

Mfikirie baba mmoja wa miaka 48, mcheshi wa chama chao. Huwachekesha wenzake kwamba siku hizi anaijua njia ya chooni gizani kuliko paka. Anakunywa maji chupa baada ya chupa, na anasema anakua upya. Suruali zinamlegea, na anasifiwa kwa kupungua. Wote wanacheka, naye anacheka. Mwishowe kidonda kidogo cha kidole cha mguu kinakataa kupona, ndipo anapoambiwa hospitalini kwamba ana kisukari, na huenda amekuwa nacho kwa miaka. Dalili zote alizitangaza mwenyewe, ila alizitangaza kama mzaha.

Basi msomaji, tujifunze kutenganisha yaliyo ya umri na yaliyo ya maradhi.

Mkono umekuwa mfupi

Ukianza kulisogeza gazeti mbali na uso ili usome, hata mkono ukaonekana mfupi, jua kwamba hilo ni la umri. Ndani ya jicho kuna lenzi ambayo ujanani hujikunja na kujinyoosha kwa urahisi. Kuanzia miaka 40 hivi lenzi hiyo huwa ngumu, na vitu vya karibu huanza kuonekana kwa ukungu. Jambo hili humpata karibu kila mtu, na miwani ya kusomea hulimaliza.

Kosa ni kununua miwani kwa mchuuzi wa kando ya barabara na kuishia hapo. Kuna ugonjwa uitwao glakoma, ambao huharibu mshipa wa fahamu wa jicho polepole, bila maumivu. Huanza kula pembeni mwa upeo wa macho, kwa hivyo mwenye kuugua haoni tofauti hadi sehemu kubwa imekwisha. Uoni uliopotea kwa glakoma haurudi. Watu wenye asili ya Kiafrika huathirika zaidi, hasa wakiwa wamepita miaka 40 au wakiwa na ndugu mwenye ugonjwa huo. Ukienda kutafuta miwani, mwombe mtaalamu akupime pia presha ya macho na kuutazama mshipa huo.

Kitambi si zawadi ya miaka

Wengi wetu huamini kwamba mtu akifika miaka 40 mwili huacha kuchoma chakula kama zamani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 katika jarida la Science, uliowahusisha watu zaidi ya 6,000 kutoka nchi 29, ulionyesha vingine. Kwa kuzingatia ukubwa wa mwili, nguvu ambazo mwili hutumia hazibadiliki sana kati ya miaka 20 na 60.

Kinachobadilika ni maisha. Ujanani ulitembea kwa miguu na kucheza mpira. Leo unatoka kitandani hadi kwenye gari, kutoka kwenye gari hadi kwenye lifti, na kutoka kwenye lifti hadi kwenye kiti. Jumamosi kuna nyama choma, na kesho yake kuna harambee yenye soda na pilau. Isitoshe, misuli isiyotumiwa hupungua mwaka hadi mwaka.

Chukua utepe wa fundi cherehani upime kiuno chako. Kisizidi nusu ya urefu wako. Mtu mwenye urefu wa sentimita 170 asipite sentimita 85. Kitambi kikubwa humwalika kisukari na maradhi ya moyo.

Magoti nayo hushukuru mwili ukipungua. Kila kilo unayoiondoa huliondolea goti mzigo wa takriban kilo nne katika kila hatua. Goti linalokakamaa kidogo asubuhi kisha likalegea ni la kawaida. Lakini goti lililovimba, lenye joto, au linalokunyima usingizi si la kuchekwa, mwone daktari.

Safari za usiku

Kuamka mara moja usiku kwenda msalani si ajabu, hasa ukiwa umekunywa chai au bia jioni. Kuamka mara mbili tatu kila usiku ni jambo jingine. Kukiwa na kiu kingi na kupungua uzito, shuku kisukari.

Kwa wanaume waliofika miaka 50, mara nyingi chanzo ni tezi dume iliyokua na kuubana mkojo. Mkojo hutoka kwa udhaifu, au unabaki na haja ileile dakika chache baadaye. Kukua huku si lazima kuwe saratani. Hata hivyo, saratani ya tezi dume huanza kimya bila dalili yoyote, kwa hiyo zungumza na daktari kuhusu kipimo cha damu cha PSA. Damu kwenye mkojo isingoje hata wiki moja.

Na yule anayenunua unga wa kuongeza nguvu za kiume kwa siri afahamu hili: udhaifu huo unaweza kuwa ishara ya kwanza kwamba mishipa ya damu imeanza kuziba, moyo nao ukiwa njiani. Dawa yake haimo kwenye karatasi ya mchuuzi.

Mama afunguaye dirisha

Ni Julai, Nairobi ina baridi kali, ofisi nzima imevaa sweta, na mama mmoja anafungua dirisha huku akijipepea kwa faili. Vijana wanakonyezana. Mama huyo haigizi. Wanawake wengi hukoma hedhi kati ya miaka 45 na 55, na joto la ghafla, jasho la usiku, kukosa usingizi na hasira za karibu ni sehemu ya mabadiliko hayo. Mume anayenyang'anywa blanketi usiku na awe na subira.

Hedhi huhesabiwa kuwa imekoma baada ya miezi 12 mfululizo bila kuonekana. Kabla ya hapo mimba bado inaweza kuingia. Baada ya hapo, damu yoyote, hata tone, si hedhi iliyorudi kusalimia. Ni lazima ichunguzwe mara moja, kwani inaweza kuwa dalili ya saratani.

Adui asiyepiga hodi

"Mimi sina presha, nalala fofofo." Shinikizo la damu halijali usingizi wako. Kwa kawaida halina dalili, na huku linaharibu moyo, figo na ubongo. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulibaini kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima nchini hawakuwa wamewahi kupimwa shinikizo hilo hata mara moja.

Kipimo cha 140 kwa 90 au zaidi, kikirudiwa na kuthibitishwa, ni ugonjwa unaohitaji matibabu. Ukimwona mtu mdomo umepinda ghafla, mkono umelegea au maneno yanamkwama, usimpe maji wala kumlaza apumzike. Hicho ni kiharusi. Mkimbize hospitalini saa hiyo hiyo.

Ufanye nini?

1. Pimwa shinikizo la damu angalau mara moja kwa mwaka. Ni kazi ya dakika tano.

2. Pimwa sukari kabla ya kula asubuhi. Kati ya 6.1 na 6.9 ni onyo, 7.0 au zaidi, ikithibitishwa, ni kisukari.

3. Mwanamke aulizie uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi na ya matiti.

4. Tembea haraka kwa dakika 150 kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano. Siku mbili fanyiza misuli kazi, hata kwa kuinuka na kuketi kitini mara kumi.

5. Chumvi yote ya siku isizidi kijiko kimoja cha chai.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Siku hizi hatuyafichi chini ya shuka. Tunayaficha ndani ya mzaha. Endelea kucheka na mvi zako, ila kila unapotaka kusema "ni umri tu", jiulize ni nani aliyekupima akakuambia hivyo.

Na kesho makanga akikuita mzee, mshukuru kwa heshima. Kisha mwambie akushushe kituo kimoja kabla ya chako, umalizie safari kwa miguu.