Kabla ya Kumchangia Mtoto Anayetaka Kuwa Akitekti

Ndugu na dada katika vikundi, siku hizi si ajabu kusikia mtoto wa kijiji anataka kuwa akitekti, yaani msanifu wa majengo. Harambee inapangwa, na barua ya chuo inazungushwa mkono kwa mkono. Tunawaomba muisome pole pole barua hiyo kabla ya mtu kutoa hata shilingi. Je, inasema digrii, diploma au cheti? Hapo ndipo wengi hupotea.

Kwa sheria ya Kenya, Sura ya 525, ambayo ni ya tangu 1934, mtu hawezi kufanya kazi kwa jina la akitekti kama hajaandikishwa na bodi iitwayo BORAQS. Bodi hiyo haijali tangazo kubwa kando ya barabara. Inauliza kama digrii yake inatambuliwa, halafu inataka awe amefanya kazi chini ya akitekti aliyeandikishwa, tena apite mitihani ya bodi. Masomo yenyewe huchukua karibu miaka 6. Mara nyingi hugawanywa, 4 kwanza halafu 2. Kwa hivyo mtoto akirudi na gauni baada ya miaka 4, safari bado.

Chuo Kikuu cha Nairobi ndicho cha zamani. Masomo haya yalianza pale mwaka 1956, wakati huo kikiitwa Royal Technical College. JKUAT kule Juja pia hufundisha, na viko vingine. Lakini msitegemee maneno yetu wala ya jirani. Iulizeni bodi yenyewe, na jibu liwe kwa maandishi. Chuo kinaweza kuwa halali kabisa, na bado digrii hii moja iwe haijakubaliwa na bodi.

Na yule ambaye hakufikisha C+ ya kuingia chuo kikuu? Asitupwe. Ziko politekniki zinazofundisha diploma za ujenzi na uchoraji wa ramani. Hakikisheni tu chuo kimesajiliwa na TVETA. Huyo ataweza kuchora katika ofisi ya akitekti au kusimamia mjengo, na hiyo ni kazi ya heshima. Ubaya ni pale anapoambiwa kwamba diploma peke yake itamfanya akitekti.

Sasa pesa. Karo ni sehemu moja tu. Kuna karatasi kubwa, kadibodi za kuundia mifano ya nyumba, kuchapisha michoro, na kompyuta yenye nguvu ya kubeba programu za kuchorea (ile ya kuandikia barua tu haitoshi). Tumeni watu wawili wakaone chuo. Waombe kuingia chumba cha kuchorea. Meza zipo, au ni viti vya darasa tu? Michoro ya wanafunzi imebandikwa ukutani? Walimu wangapi ni akitekti walioandikishwa? Halafu wamuulize mwanafunzi, si karani, ametumia pesa ngapi muhula uliopita nje ya karo. Karani atawapa karatasi ya karo. Mwanafunzi atawaambia ukweli wa mfukoni.

Kwenye mkutano ujao zungumzeni hili, na mtoto mwenyewe awepo: kikundi kikiweza kulipa miaka 2 kati ya 6, ile mingine italipwa na nani? Mkopo wa HELB upo, lakini deni ni lake. Je, yuko tayari kulibeba?