SAA YA JUA NA SAA YA MKONONI

Somo: Mathayo 20:1–16

Mfano wa vibarua wa shamba la mizabibu tumeusikia mara nyingi, na kila mara mhubiri huenda moja kwa moja kwenye dinari. Leo twaomba tusimame kidogo kwenye saa. Mwenye shamba alitoka alfajiri, kisha saa tatu, saa sita, saa tisa, na mwisho saa kumi na moja. Sisi tusomao Kiswahili hatuna haja ya kufafanuliwa. Mwingereza, ambaye huanza kuhesabu usiku wa manane na tena adhuhuri, hana budi kupiga hesabu kwanza, na tafsiri zake kadhaa za siku hizi zimebadili saa hizo ili aelewe. Wayahudi waligawa mchana, toka macheo hata machweo, mafungu kumi na mawili. Mchana ukirefuka fungu lilirefuka, ukifupika lilifupika. Saa ilikuwa ya jua.

Sasa tazameni aya ya 12. Wa mwisho walifanya kazi saa moja tu, ndivyo wenzao walivyonung'unika. Lakini mwambie mtu wa Kate aanze kupalilia saa kumi na moja ya redio: atapata karibu saa mbili kabla jua halijazama. Hiyo saa ya ziada imetoka wapi?

Tuliosomesha jiografia twaijua. Dunia hujizungusha nyuzi 15 kwa saa, yaani uzi mmoja kwa dakika 4. Saa ya Tanzania nzima hufuata longitudo 45 mashariki, mstari usiopita nchini mwetu hata kidogo, bali hupita karibu na Mogadishu. Dar es Salaam iko kwenye 39, hivyo jua huwachelewea kama dakika 24. Ufipa iko kwenye 31 na kitu, nasi hutuchelewea kwa wastani dakika 55 hivi. Saa ikigonga sita, adhuhuri yetu bado haijafika; hufika karibu na saa saba. Mwezi wa Juni jua huchomoza saa moja ikiwa imekwisha kupita. Wanaovuka Kasesya kwenda Mbala, Zambia, hurudisha saa zao nyuma saa nzima, na huko saa na jua hupatana karibu kabisa, ingawa mahindi ni yale yale na baridi ni ile ile.

Jambo hili tulilifundisha ubaoni, wala hatukulitumia. Miaka ya 1980, katika shule moja ambayo hatutaitaja, mstari ulikuwa saa moja kamili. Watoto wa vijiji vya mbali walioondoka nyumbani kulipopambazuka, kama mama zao walivyowaambia, walifika saa moja na nusu, miguu imepauka kwa umande wa baridi. Tuliwachapa. Mmoja, binti mdogo, alisema, "Mwalimu, nimekuja na jua." Tulimwongezea fimbo kwa kujibu. Alikuwa amesema kweli tupu, na mwalimu wa jiografia ndiye aliyeshika fimbo.

Hatusemi kwamba kila achelewaye ana jua la kumtetea. Siku hizi simu ziko mifukoni, na wako wanaoketi kilabuni huku wakiitazama. Lakini tuangalie mikutano yetu. Hutangazwa kanisani kuwa ni saa nane. Mwenye simu hufika saa nane, akakuta mabenchi matupu, akaona amedharauliwa. Mama atokaye kwenye matuta ya maharage hupima kivuli, hufika saa tisa kasoro, naye kwa hesabu yake amewahi. Hawezi kuingia na kuketi kimya kama kuku; hana budi kuwasalimu wazee, na salamu haikatwi. Wakati huo mwenyekiti amekwisha kukunja karatasi: mchango umepangwa, zamu za kulima shamba la kanisa zimegawanywa, na jina lake limo. Kisha twamwita mvivu.

Mwenye shamba katika somo letu hakumwuliza mtu kwa nini amechelewa. Aliuliza kwa nini wamesimama, akangoja jibu, na jibu likawa kwamba hakuna mtu aliyewaajiri.

Sisi twapendekeza kengele mbili kabla ya kila mkutano, ya kwanza saa nzima mbele, nayo ipigwe kwa nguvu ili ifike mashambani. Yasiamuliwe mambo ya kazi na fedha mpaka wanaotoka mbali wameketi. Tena anayetangaza aseme kama ni saa nane ya simu au ni kivuli.

Katika vikundi vya wiki hii tuulizane: ni shauri gani tulilolikata mwaka huu kabla wenyewe hawajafika? Na nani alikwenda kuwaeleza?