Pampu Gani Itufae Safarini?

Wahenga hawakukosea waliponena: hamadi kibindoni, silaha mkononi. Alfajiri moja mimi na baba tulitoka Murera kwa pikapu tukipeleka sukuma wiki Thika. Njiani tairi la nyuma likaanza kuishiwa na upepo, na mafundi wa panchari walikuwa bado wamelala. Baba akachomeka pampu yetu ya umeme kwenye kiwashio cha sigara. Lo! Ikachemka, fyuzi ikaungua. Mboga zilinyauka juani, na karo yangu ilikuwa humo.

Ndugu msomaji, kosa letu lilikuwa kuangalia bei tu. Kabla ya kununua, jiulize haya:

Kwanza, tairi lataka presha ngapi? Soma kibandiko mlangoni mwa dereva. Gari dogo hutaka kama 32; magari makubwa ya watalii yenye vitanda huweza kufika 80.

Pili, pampu hufanya kazi dakika ngapi bila kupumzika?

Tatu, hula ampea ngapi? Fyuzi ya kiwashio mara nyingi ni 10 au 15. Ikizidi hapo, chagua ya kubanwa kwenye betri.

Tena, pima tairi likiwa baridi, maana joto huongeza presha.

Siku hizi baba husoma kwanza, kisha ndipo aulize bei.