KISIKI CHENYE TUMAINI
Somo la vikundi vya nyumbani: msitu wa jirani

Soma: Mwanzo 23:3-20; Nehemia 2:7-8; Ayubu 14:7-9



Katika mashauri tunayoletewa sisi wachungaji, neno la kuni halikosekani. Mama ametoka alfajiri na panga, amerudi bila panga wala kuni, kwa sababu mwenye shamba amemnyang'anya. Kijana amepigwa. Na mwenye shamba naye analia: kichaka alichoachiwa na baba yake kilikuwa na miti, leo anahesabu mashimo. Tumeomba juu ya mambo haya na tutazidi kuomba. Ila juma hili tujifunze habari ya shoka lenyewe: linakata wapi, kwa ruhusa ya nani, na linaacha nini nyuma yake.

Ibrahimu alipofiwa na Sara alikuwa mgeni Hebroni, na yeye mwenyewe alijitaja hivyo mbele ya Wahiti. Efroni alitaka kumpa shamba bure. Ibrahimu alikataa, akapima shekeli 400 za fedha mbele ya watu langoni. Angalieni mstari wa 17: katika mapatano yale miti imetajwa, yote iliyokuwa shambani na mipakani mwake. Kwa hiyo tangu zamani mti ulioota wenyewe kwenye shamba la mtu ulikuwa na mwenyewe.

Hapa Uganda sheria inasema vivyo hivyo. Sheria ya Misitu na Upandaji Miti ya mwaka 2003 inatambua misitu ya watu binafsi, na mazao ya msitu huo ni mali ya mwenyewe. Wengi wetu tumezoea kufikiri kwamba mti wa kupandwa ndio wa mtu, na mti wa porini ni wa Mungu. Wa Mungu ni kweli, lakini Mungu ameuweka chini ya mikono ya jirani yako.

Wale waliotoka Kivu Kaskazini wanakumbuka mwaka 1994. Ndugu wa Rwanda walifika upande wa Goma kwa mamia ya maelfu, na kambi zikajengwa kando ya Hifadhi ya Virunga. Walipika kwa kuni kama sisi tunavyopika. Kufikia 1996, maelfu ya hekta za msitu yalikuwa yameguswa na shoka. Wakati ule wenyeji tulikuwa sisi, na tunajua tulivyosema juu yao.

Tangu mwaka 2007, katika eneo hilohilo, wakulima walianza kusaidiwa na mradi wa WWF uitwao Ecomakala kupanda miti ya makala kwenye mashamba yao wenyewe, ili hifadhi ipumzike. Mti una mwenyewe, mwenyewe anautunza, anauvuna kwa zamu, na chini unachipua tena.

Hapo ndipo Ayubu anatusaidia. Yeye alikuwa akililia hali ya mwanadamu, lakini katika kulia alitaja jambo ambalo kila mkulima analijua: mti uliokatwa una tumaini, hata kama mzizi umezeeka ardhini, maana utachipua ukipata maji. Sababu yake ni kwamba kisiki kilicho hai kina mizizi mirefu iliyokwisha kuyafikia maji, na ina akiba ya chakula. Chipukizi la kisiki hukimbia kuliko mche uliopandwa leo.

Mmisionari Mwaustralia, Tony Rinaudo, alipokuwa Niger katika miaka ya 1980, alipanda miche mingi jangwani na mingi ikafa. Mwaka 1983 aligundua kwamba vile vichaka alivyokuwa akivipita shambani vilikuwa miti iliyokatwa, na mizizi yake ilikuwa hai. Wakulima wakaanza kuchagua machipukizi machache kwenye kila kisiki, wakapogoa mengine na kuyalinda yale yaliyobaki. Katika nchi ile njia hiyo imerudisha miti kwenye hekta zipatazo milioni 5, nyingi zikiwa mashamba ya wakulima wadogo. Dodoma, Tanzania, wanaiita Kisiki Hai.

Basi yule anayechimba kisiki ili apate kuni kavu amekula mbegu. Kuni za wiki moja, na mahali pale hapachipui tena.

Mkaratusi ukatwe chini, kama upana wa kiganja kutoka ardhini, kwa msumeno ikiwezekana, na sehemu iliyokatwa iinamie upande mmoja ili maji ya mvua yasitulie juu. Ganda lisichanike, maana machipukizi hutokea kwenye ganda. Yakitoka kumi, yaachwe mawili au matatu yenye nguvu, baada ya miezi kadhaa. Msambya nao huchipua vizuri. Misonobari haichipui, ukiikata umemaliza. Grevilea ikikatwa chini mara nyingi hufa, afadhali kuvuna matawi yake. Katika kichaka cha asili, mti mkubwa wenye mbegu uachwe usimame, na tanuru la makala lisichomwe juu ya mizizi yake. Kabla ya kiangazi mpaka usafishwe, ili moto wa majani usiingie.

Sasa sikilizeni, mama na baba. Shamba la miti lililobanana linadhoofika. Miti inagombania mwanga, yote inakuwa myembamba. Mwenye shamba anapaswa kuipunguza: ile iliyopinda, iliyougua, iliyofunikwa na wenzake. Kazi hiyo ni nzito na wengi hawana watu wa kuifanya. Na miti ile ambayo msitu unapaswa kuipoteza ndiyo inayotosha mbabula zetu. Mbao na nguzo zibaki kwake, fito na matawi yaje jikoni kwetu. Familia kadhaa za kanisa letu zimepatana hivyo na wenyeji, nao wanaita watu walewale kila msimu.

Mapatano yaandikwe. Nehemia alikuwa mtu wa maombi, na bado aliomba barua kwa Asafu, mlinzi wa msitu wa mfalme, kabla ya kugusa mti mmoja. Karatasi itaje siku za kazi, miti iliyotiwa alama, na mafungu ya kuni kwa kila mfanyakazi. Mwenyekiti wa LC1 na mzee mmoja wa kanisa watie sahihi. Wasioweza kusoma wasomewe mbele ya mwenye shamba. Na mama wasiende peke yao, waende kwa kundi, siku iliyoandikwa.

Maswali ya kujadili kikundini: Ni jirani gani aliye karibu nasi mwenye shamba la miti lililobanana? Nani kati yetu anajua kutumia msumeno, na nani anafahamiana na jirani huyo vizuri, ili aende kumsalimu kwanza kabla ya kuomba?